Nilifunga turbo kwenye pickup ya Masanja, na siku ya kuulizwa nikanyamaza

Hapana mkuu. Wewe uliyeandika kwenye uzi wa juzi kwamba turbo kwenye gari isiyozaliwa nayo ni "kazi ya asubuhi moja", na kwamba mimi ni mwoga tu, sijawahi kushika spana. Kaa hapo hapo. Usiondoke.

Nimeshafunga. Kwa mikono hii. Mwanza, miaka ya tisini, wewe labda ulikuwa unasukuma gari la waya.

Wakuu wengine wote, salaam. Chumvi sitaongeza. Ningekuwa nayo ningejipaka mimi nionekane mzuri, na humu hamtaniona mzuri.

Iko hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa kujifundisha, nashinda gereji moja ya uwazi pale Kirumba, karibu na uwanja wa mpira. Chuo sikukiona. Nilichojua nilikijua kwa kufungua, kufunga na kubishana. Kubishana nilikuwa naweza kuliko kufunga.

Rafiki yangu alikuwa Masanja. Sio rafiki wa salamu. Fundi wangu wa kwanza aliponifukuza (nilimjibu vibaya, nakubali), Masanja alinigawia nusu ya kitanda chake miezi minne, hakuniuliza hata siku moja naondoka lini. Kwa hiyo ukimgusa Masanja umenigusa mimi. Ndivyo nilivyokuwa.

Masanja alikuwa anaendesha pickup ya mjomba wake, Mzee Lushinge, mfugaji wa huko Misungwi. Mzee aliuza ng'ombe ndio akaileta. Used ya Kijapani, dizeli, haina turbo, imeshatembea sana lakini haisumbui. Akamwambia Masanja mimi nikiwepo:

"Ng'wanawane, mwanangu, itunze misimu miwili ya pamba. Wa pili ukiisha na gari ikiwa nzima, ni yako."

Msimu mmoja ulikuwa umeshapita. Shikeni hapo wakuu. Umebaki mmoja.

Kazi ilikuwa kubeba sangara kutoka Kigongo, unapita Usagara, Buhongwa, mpaka kiwandani mjini. Kipindi kile viwanda vya minofu ndio vimefunguka, kila mwenye gari anabeba samaki. Ukichelewa barafu imeyeyuka, mkaguzi anambonyeza samaki mmoja tu, anakwambia geuza nao.

Na gari mpya mpya zikaanza kuingia, zina turbo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini ipate nguvu. Mlimani zinampita Masanja kama kapaki.

Akifika foleni ya kiwandani madereva wenzake wanamsubiri. "Masanja! Leo samaki wako wamekuja kwa miguu?"

Wanacheka. Yeye anacheka nao. Mimi nataka kupiga mtu.

Nikamwambia, "Nakufungia turbo."

"Na mjomba?"

"Mjomba ataona gari inapanda mlima. Atauliza nini?"

Nikaenda kwa Mzee Kanji, alikuwa na duka la spea used mjini. Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa Mwanza, Kisukuma anaongea kuliko mimi. Alikuwa nayo, imetoka kwenye injini ya familia moja na ile ya Masanja, bolt kwa bolt inakaa. Kabla hajanipa akaishika kwa mikono miwili.

"Kijana, hiki kitu kinaishi kwa oil. Kinazunguka kuliko unavyofikiri na kinaungua. Gari ikitoka kwenye kazi usizime. Iache ingurume, oil ipite, kipoe. Ndio uzime."

"Mzee, wewe uza. Kufunga niachie mimi."

Akaniangalia. "Shikamoo hujatoa, na kusikia hutaki. Chukua."

Siku tatu nikafunga. Oil ya kwenda nikaichukua kwenye block, ya kurudi nikatoboa sampo, lile bakuli la oil chini ya injini, na kuchomelea. Intercooler hakuna. Dizeli kwenye pampu niliongeza kwa masikio tu. Najua wataalamu mtakuja na mambo ya pistoni. Mko sahihi, lakini hiyo siyo iliyoiua.

Wakuu, ILIPANDA.

Siku ya kwanza Masanja aliwapita wawili kwenye mlima mmoja. Akatoa kichwa dirishani, "Wapeni pole samaki wenu!" Nilicheka mpaka machozi. Sijui kama nimewahi kumwona na furaha vile tena.

Maagizo nilimpa, msidhani sikumpa. Nilimwambia ukifika usizime hapo hapo. Masanja ni mtu wa kutii. Anafika kiwandani, anakaa kwenye kiti, anahesabu mpaka mia mbili kwa sauti, ndio anazima. Wale jamaa wakaanza, "Nyamazeni, Masanja anasali."

Sasa hapa.

Miaka ile ni dereva gani alikuwa anashuka mlima injini inawaka? Nitajieni mmoja. Ukifika kileleni unaweka free, unazima, gari inashuka yenyewe. Kule chini unaingiza gia, unaachia klachi, inawaka, safari. Mzee Lushinge mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, na alikuwa akijisifu kwa wazee wenzake kwamba mpwa wake hamwagi dizeli.

Na mimi nilikuwa nakaa kiti cha pembeni. Masanja anapanda na mzigo wote, turbo huko mbele imeiva nyekundu kama mkaa, anafika kileleni, anageuza ufunguo, kimya. Mnasikia upepo tu. Na mimi fundi nasema, "Dereva wewe!"

Nilimsifu, wakuu. Kila siku anakata oil pale pale inapohitajika kuliko sehemu yoyote, mimi nampigia makofi.

Haikuniingia akilini. Kuzima nilikokuwa nakufikiria mimi ni kwa kufika. Kule kwa mlimani, kwetu kulikuwa ni uendeshaji mzuri.

Mwezi wa pili tangu nifunge ikaanza moshi wa bluu asubuhi. Oil inapungua. Naongeza, nafunika boneti, nasema ni uzee.

Halafu siku hiyo, mchana kweupe, tunakaribia Buhongwa, nyuma wamejaa sangara. Tuko katikati ya mlima injini ikaanza kupiga kelele yenyewe. Masanja katoa mguu kwenye pedali ya moto, ndio kwanza inazidi. Moshi mpaka hatuoni nyuma.

"Zima!"

"Nimezima! Ufunguo huu hapa!" Kaushika mkononi, ananionyesha, na injini inalia.

Beringi za turbo zilikuwa zimeisha, oil inaingia kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli ikipata oil namna hiyo inaila kama mafuta. Ufunguo hauna kazi. Leo najua ungeziba hewa, au uingize gia kubwa, ukanyage breki na kuachia klachi. Siku hiyo mimi niliyekuwa najua kila kitu niliruka nje nikasimama barabarani nashika kichwa. Masanja alibaki ndani anakanyaga breki, isirudi nyuma na kuua watu.

Ikapasuka. Konrodi imetoka ubavuni mwa block.

Wale wa foleni walipita. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake nikaing'oa turbo, nikaenda nayo kwa Mzee Kanji, Masanja nyuma yangu. Nikaibamiza kaunta. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake. Maneno mengine siandiki humu.

Mzee wa watu hakupandisha sauti. Akaitazama shafti, imeungua bluu na nyeusi. "Hii imekufa kwa kiu. Mlikuwa mnazimia wapi?"

Masanja akajibu kwa adabu, "Mzee, nikifika nilikuwa nasubiri. Nilikuwa nazima mlimani tu."

Mzee Kanji akaniangalia mimi. Sio Masanja. Mimi.

Jioni Mzee Lushinge akaja gereji. Nikatoa shikamoo, akaitika. Akaizunguka pickup, akaingiza vidole kwenye lile tundu la block. Akamuuliza mpwa wake, "Nani alikushauri kuweka hicho kitu?"

Masanja akanitazama kidogo tu.

"Ni mimi mwenyewe, mjomba. Nilitaka mbio."

Mzee akanyoosha mkono, Masanja akampa ufunguo. Kisha akanigeukia.

"Na wewe fundi, una neno?"

Mimi. Mwenye mdomo kuliko wote Kirumba. Niliyetukana mzee wa watu asubuhi ile ile. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, linalomwokoa rafiki yangu au angalau tuzame wote.

Nikasema, "Hapana, mzee."

Masanja alirudi Misungwi kuchunga ng'ombe za mjomba wake. Kwa Mzee Kanji nilirudi baada ya wiki, nikamwomba radhi, akaniagizia chai. Mzee Lushinge alishafariki, hakuwahi kujua. Masanja yupo, huwa ananitumia salamu, na kila salamu inanikata.

Funzo mtalichukua wenyewe. La ufundi ni kwamba kabla hujafunga turbo, panda na mwenye gari kutwa nzima, mtazame anavyoendesha, halafu ndio ushike spana. Ongezeni yenu hapo chini, na matusi pia nitayasoma.

Ila wewe mkuu uliyeniita mwoga, nakukubalia, sababu tu ndio ulikosea. Ungekuwa wewe mbele ya yule mzee, ungefungua mdomo?