Mstari Niliomsomea Mke Wangu Haumo Kwenye Biblia

Nimekosa, na sitafuti wa kunihurumia. Nilimdanganya mke wangu nikiwa nimeishika Biblia mkononi. Kila nikiukumbuka uso mtakatifu niliouvaa asubuhi ile, najionea aibu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa hapa Kariakoo. Mke wangu nilitoka naye Masasi. Mimi nilisoma misheni, yeye hakuwahi kukalia dawati. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, aliketi mkekani na chai yake ya rangi, nami nikamsomea Neno. Nikimsomea habari za uvumilivu, siku hiyo hata kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, hakugombana na mtu. Alilishika Neno kutwa nzima. Mimi msomaji nilikuwa nimeshalisahau kabla sijafika dukani.

Basi ikaja barua ya shemeji yangu. Mama mkwe yu mahututi, anamwita binti yake. Barua hiyo niliisoma kama ilivyo, maana niliogopa siku moja shemeji atanigundua. Niliogopa shemeji, Mungu sikumwogopa!

Mke wangu, Mama Neema, akaanza kufunga kanga zake. Mimi nikaanza kuwaza nani atanipikia na nani atanisimamia foleni. Masika yalikuwa yameanza, na kusini ukienda wakati wa mvua hujui utarudi lini. Nauli ilikuwepo. Lilikuwa tumbo langu tu, hakuna sababu nyingine.

Asubuhi iliyofuata nikafungua Mithali, nikakodolea macho ukurasa, nikasoma kisichokuwemo. Mke aliyeolewa asirudi nyumbani kwa mama yake hata akiitwa na mgonjwa, maana Bwana mwenyewe atamwuguza mama huyo. Nilitunga palepale, kwa sauti ileile ninayosomea kanisani.

Aliweka kikombe chini. "Imeandikwa hivyo, Baba Neema?"

"Imeandikwa."

Akalifungua furushi lake.

Haukupita mwezi, mama mkwe akafariki. Tuliweka matanga hapahapa uani. Mama mwenye nyumba wetu, Mwislamu mtu mzima, akamwuliza mke wangu kwa nini hakwenda kumwuguza mzazi wake. Akajibu kwamba Neno lilimzuia. Yule mama akanigeukia mimi.

"Baba Neema, kwenu kuna neno kama hilo?"

"Lipo, mama," nikajibu, huku nakula ubwabwa wa msiba.

Baadaye yakaja madarasa ya kisomo, watu wazima wakafundishwa kusoma alasiri kwenye shule ya jirani. Mama Neema akajiandikisha. Nilimcheka mbele ya wateja wangu, nikasema ng'ombe mzee anafundishwa kucheza. Hakujali. Alipojua kuunganisha maneno, kitabu cha kwanza kukitafuta kilikuwa Mithali. Alitaka auone kwa macho yake ule mstari uliomfariji, aukariri.

Alisoma sura ya kwanza mpaka ya mwisho, kidole juu ya kila neno. Ilimchukua miezi. Ningeweza kumwambia siku yoyote katika siku zile. Nilipiga cherehani tu, nikamwacha atafute.

Alipomaliza bila kuuona, alisema labda ameruka, maana yeye bado mwanafunzi. Akarudia tangu mwanzo. Ndugu yangu, mtu gani anakaa anatazama jambo kama hilo na bado analala usingizi? Mimi nililala.

Alipomaliza mara ya pili, alinisogezea Biblia. "Baba Neema, nionyeshe."

Nikapekua. Nikasema labda ilikuwa Biblia nyingine. Nyumba nzima tulikuwa na Biblia moja.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alifungua mahali pengine, kwenye ile amri ya kuwaheshimu baba na mama, akaisoma polepole mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Hii nayo mbona hukuwahi kunisomea?"

Nikachukua futi yangu, nikatoka kwenda dukani.

Hakuniacha. Anapika, ananifulia, ananiamkia. Lakini nikigusa Biblia asubuhi, ananiambia, "Nasoma mwenyewe." Jumapili zamu yangu ya kusoma ikifika, anafungua ya kwake aliyonunua na kunifuatisha kwa kidole neno kwa neno. Waumini wanamsifu kwa bidii yake. Mimi najua ananikagua, na ni haki yake.

Enyi mnaomtegemea mtu awasomee Neno, jifunzeni kusoma, mle kwa mkono wenu. Na wewe unayemsomea mwenzako, usithubutu kuongeza hata nukta kwa ajili ya tumbo lako. Mwaka jana shemeji alitutembelea, akatusimulia siku za mwisho za mama yao. Anasema kila mlango ulipolia, aliinua kichwa na kuuliza kama mwanawe amefika.