Bibi wa Chai Anamtamani Mkristo

Juzi stendi ya Handeni, kwa bibi mmoja Mwislamu anayeuza chai, vijana wawili walikuwa wakimtukana binti aliyepakata mtoto akisubiri basi la Korogwe. "Mtoto wa nani huyo? Unamjua kweli baba yake?" Binti akaanza kulia. Sisi wanaume tukavikagua vikombe vyetu kama mabwana afya.

Bibi akamgeukia mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa na chapati mkononi. "Baba, marehemu baba yako angeshanyanyuka."

"Bibi, siku hizi ukikemea unaambiwa unahukumu watu."

"Baba yako naye walimwambia hivyohivyo, hapahapa kwangu. Anapiga funda la chai, anakemea tena!"

Tulicheka wote, isipokuwa yule mzee wa kanisa. Akaiweka chapati, akavuta kiti, akaketi kati ya binti na wale vijana. "Huyu ni mwanangu," akasema. "Haya, nitukaneni mimi."

Vijana wakaondoka wakijifanya wameliona basi lao.

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mie nilidhani tulimzika baba yako pamoja na dini yake."

Jumapili, ndugu zangu, spika za kwaya zetu zinasikika mpaka milimani. Yule bibi alikuwa anatamani kumsikia Mkristo mmoja tu, katikati ya wiki.