Mama Yangu na Nyoka wa Maji wa Kipatimu

Mtafiti alikuja kijijini kwetu Tingi masika yalipokolea, majaruba ya mpunga yamejaa maji. Alikuwa dada mmoja wa chuo kikuu, mpole, amevaa buti za mpira. Aliuliza ni nani anayewajua nyoka wa maji, wale weusi wadogo wasio na sumu. Watu wakamwelekeza kwa mama yangu, kwa sababu ndiye pekee aliyetukataza sisi wanawe kuwaua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, unywe uji."

Wiki nzima walizunguka majarubani. Mama aliwakamata nyoka kwa mkono mtupu, nyuma ya kichwa. Mtafiti alilikanda tumbo taratibu mpaka nyoka akatema alichomeza, akaandika, kisha akamwachia aende zake. Wote walitema vyura au viluwiluwi. Siku ya mwisho mtafiti akafunga daftari.

"Basi, chakula cha nyoka huyu ni vyura."

"Huyu wa hapa," mama akasema. "Wa kwetu Kipatimu, kule milimani, anakula samaki."

Jirani yetu aliyekuwa akipalilia jaruba la pili akaangua kicheko. "Nyoka si ni huyo huyo? Au wa Kipatimu wana dini yao?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku ile niliona haya. Nilitaka kumwambia mama anyamaze, asijiaibishe mbele ya msomi. Nashukuru sikufungua mdomo.

Mtafiti hakucheka. "Utanionyesha?"

Tulisubiri mvua zikatike, maana barabara ile ya milimani wakati wa masika haipitiki. Mwezi Juni tukapanda lori, sisi watatu, tukafika Kipatimu tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Mama, na miaka yake sitini na kitu, akakunja khanga magotini akaingia kwenye kijito alikokuwa akichota maji wakati wa usichana wake. Saa nzima hakupata kitu. Nikaanza kumwonea huruma.

Kisha akainama kwenye kidimbwi kati ya mawe, akainuka na nyoka mkononi. Mtafiti akamkanda. Akatoka samaki mdogo, magamba yake bado yanang'aa. Wa pili, samaki. Wa tatu, samaki wawili.

"Mama, ulijuaje?"

"Nimekulia hapa. Maji yanakimbia juu ya mawe, vyura ni wa kutafuta, lakini vidimbwi vimejaa samaki. Kule Tingi maji yamelala, vyura wanamrukia nyoka mpaka mgongoni. Awaache akatafute nini?"

Mtafiti aliketi juu ya jiwe, akaandika maneno yote. "Nilikuwa nimepanga kupima Tingi peke yake," akaniambia. "Ningekosea kabisa."

Tuliporudi, alimwomba mama aeleze mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Jirani yule alikaa mbele, akauliza maswali matatu, na safari hii alikuwa anataka majibu.

Muhula uliofuata nilimwalika mama darasani kwangu. Chaki hakuitaka. Alisimama mbele na khanga yake mpya, akawasimulia watoto habari za milima na mabonde, na jinsi nyoka wa aina ile ile anavyokula tofauti kutegemea maji anayoishi. Nilikaa dawati la nyuma, nimebanana na wanafunzi wangu, nikinyoosha mkono kila alipouliza swali.