Shangazi alivyomsifia Mwanahawa

Shangazi kamsifia mdogo wangu, na mdogo wangu kaacha kula.

Mwanahawa katoka hospitali juzi. Ule ugonjwa wa kuogopa chakula kwa hofu ya kunenepa, ambao hapa Kibiti wengine walisema ni ukimwi, wengine jini.

Leo mchana alikuwa anakula wali na samaki mwenyewe, bila kubembelezwa. Mama hata kupumua anaogopa.

Hodi! Shangazi huyo, kaja kutoka Mtawanya kutoa pole.

"Mashallah! Umenenepa mwanangu, umependeza! Ushapona!"

Kwetu hiyo ni sifa, najua.

Mwanahawa akatabasamu, akanawa mikono. Tonge lake likabaki kwenye sahani.

Jamani, mkija kumwona, ongeeni habari za mvua, za mpunga. Mwili wake uacheni!

Sahani bado tumeifunika kawa. Anasema ameshiba.