Pembe ya Ramani

Juma zima swali moja lilininyima usingizi: nilipoikata picha ya ile ramani kabla ya kumtumia mwenzangu, nilitaka tu kuondoa pembe iliyochakaa, au nilijua ninachofanya?

Ramani niliiona mimi kwanza. Nilipokuwa naandika kazi yangu ya kumaliza chuo, niliifukua nyuma ya kabati la maktaba, inanuka mikojo ya panya. Ilionyesha njia ya zamani ya wapagazi, inayoacha barabara ya Buta kwenye kilometa ya kumi na nne na kuingia msitu wa Masako. Mwenzangu wa darasa aliomba picha, nikampa. Leo yeye ana kibao kando ya barabara, chenye ramani ya rangi na jina lake chini, na shule moja ya Kabondo imemwomba atembeze wanafunzi Jumamosi. Mimi nina diploma ndani ya plastiki.

Alhamisi nilipanda baiskeli kwenda kukitazama kibao hicho. Nilijiambia naenda kujifunza. Kweli ni kwamba nilienda kutafuta kosa. Kijia cha pale kibaoni kikanifikisha kwenye dimbwi la kulowekea mihogo. Mama mmoja, maji yakimfika magotini, akaliona daftari mkononi mwangu, akacheka.

"Papa, unaleta muhogo ao unaleta karatasi tu?"

"Mama, njia ya zamani ya Masako iko hapa?"

"Hapa iko njia ya muhogo. Ile ya bankambo, ya watu wa zamani, uliipita, iko nyuma, kilometa tatu."

Nikaelewa. Watu wa barabara hii huhesabu kilometa kuanzia daraja la Tshopo. Ramani ilihesabu kuanzia posta, mjini, kilometa tatu kabla ya daraja, na hilo liliandikwa kwenye pembe niliyoikata. Mwenzangu aliwauliza wenyeji kilometa ya kumi na nne, nao wakamwonyesha ya kwao.

Nilirudi nikipiga mluzi. Kichwani nilimwona mwenzangu Jumamosi itakapofika, watoto wamezama topeni, walimu wanamfokea. Utamu huo ulinifikisha darajani, ukaisha. Wale watoto walinikosea nini? Kisha nikajishuku: labda nawahurumia ili nijione mwema. Nikachoka. Kwa makusudi au kwa haraka, picha nzima ilikuwa kwenye simu yangu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta kwake Kabondo, anasugua buti. Nikamwonyesha picha nzima, nikamweleza kuhusu dimbwi.

"Ulikuwa nayo tangu wakati gani?"

"Tangu mwanzo."

Akasugua tena, buti lilelile.

"Donc ulitaka nizame na batoto ya watu?"

"Kidogo."

"Kidogo! Wivu yako iko na kilo ngapi, wewe?" Akatupa brashi. "Bon, chukua jembe. Utachimba wewe."

Tuliking'oa kibao, tukakifunga kwenye baiskeli yangu. Kilometa tatu nyuma nilichimba shimo, nikakisimamisha, nikashindilia udongo kwa mguu, jina lake likiwa mbele ya macho yangu muda wote.