Bamba la Simeon

Ukimwona Jepkemboi ametulia mbele ya kompyuta yake hapa kwenye karakana yetu ya jua kali, utadhani ni mtu wa kusukumwa. Jaribu uone.

Alizaliwa Kiplombe, akaja kwetu kufagia karakana. Fundi Simeon ndiye alimfundisha kuchora mashine kwa kompyuta: kila kipande kinachorwa kivyake, halafu vyote vinaunganishwa kwenye skrini mpaka mashine ya kupukuchua mahindi isimame nzima. Na hapa kwetu, jina la fundi aliyebuni mashine hukatwa kwenye bamba la chuma la ubavuni mwake. Bosi apende asipende.

Kisha kura za urais zikaleta moto. Januari 2008 watu wa kabila la Simeon walifukuzwa, nyumba yake ya Kimumu ikachomwa, akaenda kulala hemani na watoto. Mzee Kigen, mwenye karakana, hakungoja hata majivu yapoe. Akamwambia Jepkemboi atoe jina la Simeon kwenye bamba, aandike "Jepkemboi", eti wanunuzi hawataki kuliona, na Simeon hatarudi tena. Nilichemka. Jina likitoka, kazi nayo imetoka, na huyo mtu angerudia nini?

Jepkemboi akasema sawa, Mzee. Wacha nikwambie, siku hiyo nilimchukia.

Alifungua mashine nzima kwenye skrini, akagusa lile bamba. Vipande vingine vikafifia, likabaki bamba peke yake, tayari kurekebishwa hapo hapo lilipo. Mzee akaona herufi zikifutwa, akaenda kunywa chai ameridhika. Alipotoka tu, Jepkemboi akaandika upya: SIMEON, kubwa kuliko mwanzo. Tena bamba hilo hilo ndilo linatumika kwa mashine ya kukata majani ya ng'ombe na ile ya kusaga chakula cha kuku. Ukilibadilisha ndani ya moja, limebadilika kote. Mzee hakujua hilo. Chuma kikakatwa kufuata mchoro.

Mzee aliporudi jioni, mabamba yalikuwa yamepangwa uani, yote yanasema Simeon. Alifura. Chuma kingine hakikuwepo, barabara zilikuwa zimefungwa. Akatishia kumfuta Jepkemboi kazi.

"Nifute, Mzee," Jepkemboi akasema. "Lakini hii ni kazi ya Simeon, na mimi sitaandika uongo."

Mimi, mchomeleaji wa karakana, nikaamriwa nizibe herufi kwa kuchomelea. Nikavua glavu, nikaziweka chini. Basi Mzee akachomelea mwenyewe, kwa mkono ambao haukuwa umeshika kazi hiyo miaka mingi. Herufi zikavimba hata kipofu angezisoma. Tulicheka mpaka machozi. Jepkemboi hakufutwa, maana nani mwingine angechora? Na wakulima wa Kapseret walizinunua mashine vivyo hivyo.

Simeon alirudi mwaka uliofuata, Mzee akampokea kama mtu aliyekuwa likizo. Mashine moja ilikuwa imeletwa kubadilishwa beringi. Simeon akapapasa jina lake.

"Nani amechomelea vibaya hivi?"

Jepkemboi hakutoa macho kwenye skrini. "Bosi," akasema. "Alikuwa anajaribu kukutoa."