Kijito Kilichoingia Chini ya Mwamba

Kijito kinachopita nyuma ya nyumba yetu, hapa Kasongo, nimekifulia nguo tangu nikiwa mdogo, lakini sikuwahi hata mara moja kukifuata nikaone kinakotoka. Likizo iliyopita, shule ninayofundisha ilipofungwa, nilimwomba yaya, dada yangu mkubwa, anisindikize. Alidhani natania.

"Unatafuta nini kule? Dhahabu iko Salamabila," akasema. Hata hivyo alikaza kitenge, akachukua karanga za kukaanga, tukaondoka asubuhi.

Mwanzoni hapakuwa na ajabu. Mashamba ya muhogo, kisha michikichi, kisha vichaka vilivyotulazimisha kutembea ndani ya maji yenyewe, viatu mkononi. Halafu kijito kikaisha. Mbele yetu ulisimama mwamba mrefu kama ukuta wa kanisa, na maji yalitoka chini yake, baridi, bila kelele.

"Basi, umeona," yaya alisema, akaketi kumenya karanga.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akiloweka muhogo hapo kando alitikisa kichwa.

"Kule juu, nyuma ya jiwe, iko maji ingine. Inaingia mu shimo, inapotea. Lakini ile si hii. Ile iko na jina yake, na hii iko na jina yake. Marehemu mume yangu ndiye alinionyesha."

"Sasa mama, ile ya juu inaenda wapi?" nikamuuliza.

"Mutu gani anajua mambo ya chini ya udongo?"

Sikuweza kurudi nyumbani na swali lile. Nilikusanya maganda ya karanga katika pindo la kitenge changu, nikapanda nikishika mizizi mpaka nikaliona shimo. Maji yalizunguka mara mbili, yakamezwa. Nikamwaga maganda yote, nikateremka mbio, nusura nianguke.

Tukangoja. Yaya alianza kunicheka. Yule mama aliendelea na muhogo wake, ila kila mara alitupia jicho mwamba. Nilikuwa nimeshakata tamaa aliposimama ghafla.

"Hii nini?"

Ganda moja. Kisha manne. Kisha mengi, yakielea na kugongana kwenye miguu yake. Aliokota moja, akaligeuzageuza kiganjani.

"Miaka yote niko naloweka muhogo hapa," alisema polepole. "Kumbe ni maji moja."

Hakuridhika. Alitaka kutumbukiza kitu shimoni kwa mkono wake mwenyewe. Yaya akamshika mkono, wakapanda taratibu, na nikamsikia yule mama akimuuliza, "Sasa tutaiita kwa jina gani?" Jibu sikulisikia. Mimi nilibaki chini, nimeinama, macho kwenye maji.

Alitupa majani ya muhogo. Yalipochomoza, mabichi na yenye kung'aa, nilipiga vigelegele, na kutoka juu ya mwamba wakanijibu wote wawili.